Mwasisi Mwenye Kwato

"Punda?"

Hapo ndipo tulipoachana wiki jana, wasomaji wangu, na najua wengine mmenung'unika wiki nzima. Mwenyekiti wa kamati ya wakazi kasimama uani kwangu na suti yake, mguu mmoja juu ya lile bamba la zege, anahutubia kwamba chini yake amelala babu yake mzaa baba, mwasisi wa kitongoji chetu. Nami nimekaa kwenye kigoda, nachambua maharage. Nikamwambia bila kuinua macho: aliyelala humo ni punda.

"Punda!" akarudia Mwenyekiti, na sauti ikampasuka kama ya jogoo anayejifunza kuwika. "Bibi, unamwita babu yangu punda?"

"Babu yako simwiti chochote, mwanangu. Babu yako hakuwahi kukanyaga huku. Ninayemwita punda ni punda."

Mjukuu wangu, fundi cherehani, akaangua kicheko, pini zikamtoka mdomoni. Cherehani yake siku zote hukaa juu ya bamba lile, maana ndipo pekee uani pasipotuama maji. Asubuhi ile walikuwa wameisukuma kando kama takataka, gauni la mteja likiburuzika vumbini.

"Cheka, binti, cheka," akasema Mama Marumaru, katibu wa kamati. Tunamwita hivyo kwa sababu kabandika marumaru mpaka ukuta wa nje, nyumba nzima inang'aa kama choo cha hoteli. "Mkishatolewa hapa, sijui utachekea wapi."

Hapo alisema kweli. Walikuja na afisa wa ardhi, na afisa alishatoa hukumu yake mbele ya watu: ikithibitika kwamba hili ni kaburi la mwasisi, kiwanja changu chote kitakuwa eneo la kumbukumbu, mimi na mjukuu wangu tutafute pengine pa kwenda. Isipothibitika, tunabaki. La katikati hakuna.

Na msidhani wanampenda huyo mwasisi. Kinachowauma ni kamba yangu ya nguo. Mgeni wao akiingia kitongojini, kabla hajaona geti hata moja la mapambo, anakutana na shuka zangu zinapepea. Kamati nzima imekosa usingizi kwa ajili ya shuka.

Afisa alikuwa kijana wa heshima, shati limenyooshwa mpaka mistari inakata. Akachuchumaa mbele yangu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba."

"Una uhakika ni punda?"

"Nilimjua kwa jina."

"Akiitwa nani?"

"Waziri."

Watu waliojaa kwenye ua wa michongoma wakaguna.

"Kwa nini Waziri?"

"Alikuwa na tumbo kubwa, na hasogei mpaka asukumwe."

Ua mzima ukacheka. Hata afisa akainamisha uso akajifanya anakohoa. Mwenyekiti hakucheka. Akakunja mikono, akageukia umati, na ile hotuba yake ikaanza upya, ile ambayo nadhani huifanyia mazoezi bafuni.

"Ndugu wakazi! Babu yangu alifika hapa pakiwa pori. Akasimama juu ya kilima kile, akatazama bonde lote, akasema: hapa ndipo watakapoishi watu waungwana!"

"Kilima kipi?" nikauliza.

"Kile!" Akanyoosha kidole kule wanakoishi yeye na wenzake, kwenye maghorofa yao.

Mimi ni mtu wa subira. Nimelea watoto, nimelea wajukuu, nimesubiri mengi maishani na sijawahi kufa kwa kusubiri. Lakini pale nilishindwa.

"Kile si kilima, mwanangu. Kile ni jalala."

Afisa akageuka kukitazama.

"Jiji lilikuwa linataka matofali," nikamwambia afisa. "Udongo mzuri ulikuwa huku. Tukaletwa, tukachimba, tukafyatua, tukachoma. Ghorofa zote za zamani unazoziona mjini zimetoka kwenye mashimo haya. Moshi wa matanuri ulikuwa hauondoki, ukianika shuka nyeupe unaanua ya kijivu. Watu wa mjini wakipita na magari wanapandisha vioo. Udongo ulipokwisha, jiji likaona mashimo yanapotea bure, likaanza kutujazia uchafu wake. Lilipojaza mashimo likaendelea tu, likarundika, likarundika, nyasi zikaota juu. Hapo ndipo wakaja hawa waungwana, wakaona kuna mwinuko na upepo, wakapagombania. Hadi leo wakichimba msingi wanatoa makopo na soli za viatu. Ndiyo maana kuta zao zinapasuka kila masika. Wanaziba, wanapaka rangi, wanawaambia wageni huo mstari ni urembo."

"Uongo!" Mama Marumaru akapiga kelele. "Nyumba yangu haina ufa!"

"Ndiyo sababu ya marumaru," akasema mjukuu wangu.

Kicheko kikazuka tena, safari hii kikavuka barabara.

Hebu niwaeleze watu hawa walivyo, maana wengi mnakaa mbali na hamjabahatika. Ni watu wanaoosha gari nje ya geti, si ndani, ili lionekane. Wanaanua nguo kabla hazijakauka mgeni akipiga simu. Wanafuga mbwa wakubwa, na ukiuliza mbwa analinda nini unaambiwa hebu nyamaza. Wakiwa mjini wanasema "sisi kule juu." Kule juu ya nini, hawamalizii. Kila mmoja alikuja na mizigo yake juu ya gari la kukodi juzi tu, na kila mmoja anamwangalia aliyekuja jana kama mvamizi. Sasa wamekaa kikao, wakaona kinachowapungukia ni kitu kimoja, historia. Wakazunguka kuitafuta, wakakuta bamba la zege uani kwa kikongwe, refu kama la kaburi, wakapiga vigelegele. Hakuna aliyeuliza nani kazikwa. Walichouliza ni rangi gani wapake.

"Tuna shahidi!" Mwenyekiti akapaza sauti. "Baba yangu mzazi, mtoto wa mwasisi, huyu hapa!"

Akamwonyesha mzee waliyemleta kwenye kiti cha magurudumu, wamemvisha kofia na koti zito juani. Kwa mwanawe huyo ni mtoto wa mwasisi. Kwangu mimi ni Mnyapara, msimamizi wa matanuri yetu, aliyetembea katikati ya matofali na fimbo kwapani. Kiharusi kilimpiga zamani, maneno yake yakawa machache na ya shida, na mwanawe akamfungia chumba cha nyuma asije akawaambia wageni kwamba familia ilianza na vumbi la udongo. Leo wamemtoa kama sinia la harusi.

Mzee alikuwa anatikisa kichwa. Anatikisa, anatikisa.

"Mnaona?" akasema Mwenyekiti. "Uchungu wa babaye umempanda."

"Anakataa," akanong'ona mjukuu wangu. "Bibi, mke mwenzangu, tazama, huyu mzee anakataa."

"Anaona haya kwa ajili ya mwanawe," nikamjibu. "Hata mimi ningekataa."

Nikaweka ungo chini. Nikasimama.

"Afisa, baba, tusipotezeane muda. Vunjeni mchimbe. Mkikuta mtu, nitafunga virago mwenyewe bila kusukumwa. Mkikuta punda, huyu bwana na kamati yake watoke uani kwangu, na cherehani ya mtoto wangu wairudishe walipoitoa, kwa mikono yao."

"Haiwezekani!" Mwenyekiti akaruka. "Kufukua marehemu ni dharau!"

"Kumvika punda ubabu siyo?"

Afisa akafikiri. "Bibi amesema vizuri. Bila ushahidi siwezi kuandika chochote. Chimbeni."

Mtaani kwetu kuna mafundi wawili wa kuchimba vyoo, mtu na kaka yake. Wakaitwa, wakaja na nyundo kubwa, sululu na koleo. Mkubwa akatema mate viganjani.

"Bibi, tukivunja hatujengi."

"Vunja, baba."

Nyundo ikapanda, ikashuka.

Wakati wanavunja, niwape ya punda huyo, maana mjukuu wangu naye alikuwa ananiuliza sikioni. Waziri alikuwa wa mume wangu. Yeye ndiye aliyevuta matofali kutoka tanurini mpaka barabarani, malori yanakopakia. Siku moja Mnyapara aliamuru mkokoteni ujazwe kupita kiasi. Mume wangu akabisha, wakatukanana mbele ya vibarua wote. Mkokoteni ukajazwa. Waziri akafika katikati ya mteremko, akapiga magoti, hakuinuka tena.

Mume wangu alilia kama kafiwa na nduguye. Akamvuta mpaka uani, akachimba shimo mchana kutwa, refu kupita kimo chake. Mimi nikaenda bombani kuchota maji. Niliporudi, shimo lipo, punda yupo kando yake, mume hayupo.

Jioni hiyo Mnyapara akaja, kofia mkononi. "Shemeji," akaniambia, "samahani kukuletea habari hii. Mumeo amepanda lori la matofali. Amekaa mbele na mwanamke."

Sikulia. Niliingia ndani nikakunja nguo zake zote, nikazigawa kwa vibarua. Tangu siku ile nimemdharau mume wangu kuliko ninavyoidharau kamati hii yote na mbwa wake. Watoto wake niliwafundisha kwamba baba yao ni mtu aliyemlilia punda na kumkimbia mke.

Asubuhi nilikuta Mnyapara na watu wake wamekwisha kumfukia Waziri. Halafu kikaja kioja. Yule yule aliyetukata ujira kwa tofali lililopasuka pembe, akaleta saruji, akamwaga bamba zima juu ya punda. "Mbwa wasije wakamfukua," akasema. Nikajiambia, kumbe dhamira imemsuta, yeye ndiye aliyemuua kwa mzigo. Nikamheshimu kwa hilo. Mwanaume mmoja katika kitongoji kizima, nikamheshimu.

"Kimetoka!"

Fundi mkubwa alikuwa ameinua fuvu kwa mikono miwili. Refu. Na meno yale marefu ya njano yamejipanga kama funguo za kinanda.

Uwanja ukalipuka.

"Shikamoo, mwasisi!" mmoja akapiga kelele kutoka barabarani.

"Mwenyekiti, kumbe meno umerithi!"

"Mpelekeni gwaride! Mpigieni wimbo!"

Mjukuu wangu alikuwa amekaa chini anajipiga mapaja. Mama Marumaru kashika mtandio mdomoni. Akaanza kurudi nyuma, polepole, kama mtu aliyesahau sufuria jikoni.

"Katibu, unakwenda wapi?" nikamwita. "Njoo umuage mwasisi. Mshike hata kwato."

"Mimi nilikuwa naandika tu walichoniambia!" akalia.

Afisa akafunga kalamu, akaiweka mfukoni. "Bibi, suala limekwisha. Kiwanja ni chako. Hakuna atakayekusumbua tena, nitaliandika mimi mwenyewe."

Nilishukuru. Nikamtazama Mwenyekiti na suti yake yenye vumbi, nikamwonyesha cherehani kwa kidevu. "Haya, mwanangu. Beba."

Laiti angebeba! Angebeba, yangeishia pale, nami ningemalizia uzee wangu nikilala usingizi mzuri. Lakini mtu aliyezoea kusimama juu ya jalala na kuliita kilima, huwezi kumshusha kwa fuvu moja.

"Endeleeni kuchimba!" akafoka.

"Mzee, tumeshampata," akasema fundi.

"Huyo ni wa juu! Mmeona shimo lilivyo refu? Nani anachimba hivyo kwa ajili ya punda? Walimweka mnyama juu kumdhalilisha babu yangu! Yuko chini! Chimbeni!"

"Masikini, ameingiwa na wazimu," akasema mtu.

"Mwacheni achimbe," nikasema. Nilikuwa nafurahi, msinicheke. Nilitaka aaibike mpaka mwisho, aguse chini kabisa. "Labda chini ya punda kuna mbuzi. Ndiye atakuwa mama wa mwasisi."

Wakacheka. Hapo nikasikia kiti cha magurudumu kinagonga ardhi. Mnyapara alikuwa amekishika kwa mkono wake mzima, anakitingisha, mdomo unafunguka na kufungika bila sauti. Mwanawe hakumtazama.

Koleo likashuka. Likashuka tena. Udongo wetu, mnaokaa huku mnaujua, ni mzito na mweusi, ukishika kitu hauachii wala hauozeshi upesi.

Koleo likasimama.

Fundi mdogo akainama. Akakwangua kwa vidole. Kaka yake naye akainama. Walipoinuka hakuna aliyekuwa anacheka.

"Bibi," akasema fundi mkubwa, taratibu sana. "Punda wako alikuwa anavaa viatu?"

Akakiweka ukingoni mwa shimo. Kiatu cha mwanaume. Ngozi imekunjamana, imekuwa nyeusi kama ini. Nyuma yake wakaweka na kingine. Kisha fundi mdogo akapanda kutoka shimoni haraka, akaenda kusimama mbali akijipangusa mikono kwenye suruali.

"Babu!"

Mwenyekiti alikuwa amepiga magoti kwenye udongo, suti na yote, machozi yanamtoka. Ya kweli au ya kamati, sijui. "Babu yangu! Si niliwaambia? Afisa, andika! Mtu amepatikana! Mbele ya mashahidi wote hawa, huyu ni damu yangu! Andika!"

Na afisa, kijana wa watu, akatazama viatu, akanitazama mimi, akatoa tena kalamu mfukoni.

"Bibi," akasema kwa sauti ya chini. "Mtu amekutwa. Ulisema mwenyewe."

"Bibi!" Mjukuu wangu kanishika mkono. "Bibi, sema kitu! Watatutoa!"

Sikumsikia. Nilikuwa natazama kisigino cha kushoto.

Kisigino kile kilikuwa kimeongezwa kipande cha tairi, kwa sababu mwenye kiatu mguu wake mmoja ulikuwa mfupi kidogo. Na kipande kile hakikupigiliwa misumari. Kilishonwa kwa waya wa shaba, mishono ya kupishana, kwa sababu mkewe hakuwa na misumari na hakuwa na uzi mgumu, alikuwa na waya alioutoa kwenye redio mbovu. Mkono ulioshona waya ule ni huu ninaoandikia.

Mume wangu hakupanda kwenda kokote. Nimepepeta nafaka juu yake. Nimepasua kuni kando yake. Nimekaa juu ya bamba lile jioni nyingi, nikimtukana kwa sauti.

"Andika!" Mwenyekiti alikuwa bado anapiga kelele. "Andika jina la babu!"

Nilimpita bila kumtazama. Nikaenda moja kwa moja hadi kwenye kiti cha magurudumu. Mnyapara aliniona nakuja, akaacha kutingisha kiti. Koti lile zito lilikuwa limelowa jasho mpaka kolani. Nikainama, uso wangu na wake ukawa karibu kama tunaosalimiana msibani.

"Shemeji," nikamwambia. "Uliniambia alipanda lori."

Umati ukasogea karibu. Mwenyekiti bado kapiga magoti, kiatu kakikumbatia kifuani.

Mdomo wa Mnyapara ulihangaika. Ukapinda upande mmoja, ukarudi. Nami nikasubiri, kama nilivyosema, mimi ni mtu wa subira. Na yale maneno, yaliyokuwa yakimshinda hata kuomba maji, yakatoka yote, mazima, kila mtu akayasikia.

"Alipanda, aende kunishtaki mjini," akasema. "Sisi ndio tuliomshusha."